Wasomaji Wauliza: Siku Moja katika Jumba la Nizamu, Hyderabad

SWALI: Shikamoo, mzee wa safu hii. Mwezi ujao nitamsindikiza baba yangu Hyderabad, India, kwa matibabu ya moyo, na tumeelezwa kwamba kati ya vipimo na upasuaji kutakuwa na siku kadhaa za kusubiri. Baba alifundisha historia kwa miaka mingi, naye ameng'ang'ania kuliona jumba la kifalme la Chowmahalla. Je, linamfaa mzee ambaye hatua mia moja zinamchosha? Na tuangalie nini hasa? Nauliza kwa sababu kila mgeni ninayempeleka Kwihara kwenye tembe la Livingstone humaliza kutazama katika nusu saa, kisha huniuliza tunakwenda wapi tena.
Binti wa Mwalimu, Ipuli, Tabora

JIBU: Marahaba, binti yangu, na umfikishie Mwalimu pole zangu. Naanza na siku, kwa kuwa ndiyo iliyonigharimu mimi: jumba hilo hufungwa Ijumaa. Nilipokuwa nikimuuguza kaka yangu katika mji huo, nilikodi bajaji, ambayo India ndiko kwao, nikapenya msongamano wote wa mnara wa Charminar na kujikuta nikitazamana na lango lililofungwa. Nendeni siku nyingine, tena asubuhi mara wanapofungua, hasa ikiwa safari yenu itaangukia Aprili au Mei, ambapo joto la huko hupita nyuzi 40. Wageni kutoka nje hulipa kiingilio kikubwa kuliko raia wa India; msidhani mmeonewa, huo ndio utaratibu wa makumbusho mengi ya nchi hiyo.

Kuhusu miguu ya baba, habari ni njema. Chowmahalla si jengo moja refu la kupanda ngazi, bali ni nyua kubwa mbili zenye bustani na mabwawa ya maji, na majumba yamezizunguka. Hapo zamani eneo lake lilikuwa ekari 45. Lililobaki leo halifiki theluthi, na hata hilo linatosha kumchosha mtu mzima. Kwa hiyo msijaribu kuona kila chumba. Mwacheni Mwalimu akae kivulini katika ua wa kaskazini, ayatazame matao yaliyonakshiwa kwa chokaa, kisha mmwingize katika ukumbi uitwao Khilwat Mubarak, ambao kwa maoni yangu ndio roho ya mahali pote. Humo mna jukwaa la marumaru lililobeba kiti cha enzi, na juu yake zimening'inia thurea 19 za vioo vya Ubelgiji. Akiwa na nguvu bado, ayaone na magari ya kale, likiwamo Rolls-Royce la manjano la Nizamu wa sita; Nizamu ndicho cheo cha watawala wa Hyderabad. Vyumba vya sahani na mavazi mnaweza kuviruka bila majuto.

Baba atafurahi pia akiambiwa kwamba neno letu “ikulu” lilitoka kwa watemi wa huko kwenu Unyamwezi, kwani litamsaidia kuelewa alichokiona. Chowmahalla, jina lenye maana ya majumba manne, lilikuwa ikulu kwa maana hiyo ya kale: mahali ambapo mtawala huonekana, hupokea heshima na kukutana na wageni wake. Ujenzi ulianza katikati ya karne ya 18 na kukamilika zaidi ya miaka mia moja baadaye, na hapo Manizamu walitawazwa. Lakini yule wa mwisho kutawala, Mir Osman Ali Khan, hakuishi humo. Alilala katika jumba la King Kothi, upande mwingine wa mji. Huyu ndiye aliyetajwa mwaka 1937 kuwa tajiri kuliko watu wote duniani, naye akijulikana kwa kutumia almasi kubwa kama kigandamizo cha karatasi mezani. Nchi yake, yaani dola ya Hyderabad ya enzi hizo, ilikuwa na eneo la karibu mara tatu ya Mkoa wa Tabora. Septemba 1948 jeshi la India liliingia, na kwa muda wa siku tano tu utawala wa ukoo wake, ulioanza mwaka 1724, ukafikia kikomo.

SWALI: Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia kwamba wafalme wa Hyderabad walilindwa na askari weusi waliotoka upande huu wa Afrika. Wajukuu wenzangu wanacheka, wanasema ni hadithi za mzee. Nani mkweli?
Msomaji wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Babu yako, na wenzako wamwombe radhi kaburini. Nizamu alikuwa na kikosi cha askari weusi wapanda farasi kilichoitwa African Cavalry Guards, na mtaa walikokaa unaitwa AC Guards hadi leo, ingawa wapita njia wengi hawajui herufi hizo zinasimamia nini. Wazee wao walitoka Uhabeshi na pwani ya Afrika Mashariki; wengine walivushwa bahari wakiwa watumwa, wengine waliajiriwa kwa upanga wao. Huko huitwa Wasidi. Kikosi kilivunjwa baada ya 1948, watu wakabaki, wakawa raia wa kawaida wanaozungumza Kiurdu. Ukialikwa harusi mjini humo utaisikia ngoma ya marfa, ambayo wao na Waarabu wa Hadhramaut ndio walioipandikiza huko, na sidhani kama mtu wa Ujiji ataweza kutuliza mabega yake. Ninachosikitikia ni kwamba mgeni anaweza kuzunguka Chowmahalla kutwa nzima, akasoma maelezo ya thurea na magari, asitambue kwamba walinzi wa mfalme walikuwa jamaa zetu.

SWALI: Jumba hilo sasa ni la serikali, au wenyewe bado wapo?
K., Kasulu

JIBU: Ni la familia. Mjukuu wa Osman Ali Khan, Mukarram Jah, alitawazwa humo mwaka 1967 kuwa Nizamu wa jina tu, kisha akahamia Australia kufuga kondoo, na jumba likaachwa kuharibika. Aliyeliokoa ni mkewe wa kwanza, Esra, mwanamke wa Kituruki ambaye walikwisha kuachana. Alisimamia ukarabati uliowezesha wananchi kufunguliwa milango mwaka 2005. Mukarram Jah alifariki Uturuki Januari 2023. Mwili wake uliletwa Chowmahalla, watu wakapanga foleni kuuaga, kisha akazikwa katika msikiti wa Makka Masjid, mwendo mfupi kutoka hapo.