Kuunganisha lahajedwali na modeli ya akili mnemba bila safu kujirudia
Ndugu, umeuliza kwa nini mtiririko wako wa n8n (programu ya kuunganisha huduma ili kazi zijiendeshe zenyewe) unaipeleka safu mlalo ile ile ya maoni ya wateja kutoka Google Sheets kwa modeli iyapange katika makundi, mara kwa mara hadi salio la kulipia modeli linakwisha. Chanzo kinachoelekea zaidi ni kichochezi, yaani hatua inayoanzisha mtiririko, kilichowekwa kufuatilia safu mlalo mpya pamoja na zilizobadilishwa, kwa sababu modeli inapoandika jibu lake katika jedwali, maandishi hayo yenyewe huhesabiwa kuwa badiliko na mzunguko huanza upya. Kiweke kifuatilie safu mlalo mpya pekee. Au, ikiwa ni lazima mabadiliko nayo yasomwe, kiamuru kiangalie safu wima ya maoni ya mteja tu, isiyoguswa na modeli. Mimi huongeza safu wima ya hali, na kabla ya hatua ya modeli huweka sharti kwamba safu mlalo iliyokwisha kuandikwa “tayari” humo irukwe. Katika maagizo, itajie modeli makundi unayokubali na uitake ijibu kwa neno moja, la sivyo itakuandikia aya nzima ndani ya seli. Tafadhali sana, usipeleke namba za simu za wateja. Maoni yao yanatosha.