Rwanda au Malawi na watoto watatu?

SWALI: Tunaishi Kisasa, Dodoma. Mimi ni nesi, mume wangu ni seremala. Likizo ya Desemba tunataka kwenda kujitolea nje ya nchi kwa wiki mbili, pamoja na watoto wetu wa miaka 5, 9 na 14. Tuna mialiko miwili: kituo cha watoto yatima Rwanda, na zahanati ya kanisa kandokando ya ziwa, kaskazini mwa Malawi. Wapi ni salama zaidi?
Mama wa watatu

JIBU: Dada, kwa Desemba nendeni Rwanda. Ila kituo hicho msikikubali kabla ya kukihoji, nitakueleza kwa nini.

Malawi si nchi mbaya, mwezi ndio mbaya. Mvua zao huanza Novemba hadi Aprili, na kipindupindu hupenda mvua; mlipuko wa 2022 na 2023 uliua zaidi ya watu 1,700 huko. Ziwani kuna kichocho, na sijaona mtoto wa miaka 5 anayekaa wiki mbili kando ya maji bila kuyaingia. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Dodoma tunalisahau: ukame wetu umetulelea watoto wasioijua malaria. Mtoto wa Kisasa hana kinga ya mwili aliyonayo mwenzake wa Karonga, kaskazini mwa Malawi. Hata Rwanda malaria ipo, kwa hiyo muoneni daktari mapema kuhusu dawa za kinga. Wewe ni nesi, unajua doksisaiklini si ya huyo mdogo. Malawi iwekeni Juni, shule zikifungwa na mvua zimekatika.

Sasa Rwanda. Wengi huniuliza habari za vita na wezi. Mimi huwaza barabara. Ukivuka mpaka wa Rusumo, magari yanahamia kulia. Mtoto wako amefundishwa tangu chekechea atazame kulia kwanza, na kule gari la karibu linatokea kushoto. Mimi mtu mzima niliwahi kuvutwa shati na mpita njia Kigali, pikipiki ikanipita puani. Mazoezi yafanyieni nyumbani kabla ya safari, na kule mkono wa mdogo usiachiwe. Toka Dodoma kupitia Singida, Nzega na Kahama ni mbali. Vunjeni safari mlale njiani, msisafiri usiku.

Kuhusu kituo. Tangu 2012 Rwanda ina mpango wa kuwatoa watoto kwenye vituo na kuwarudisha kwenye familia. Kituo kinachopokea wageni wa wiki mbili wacheze na watoto kina la kueleza: kwa nini watoto hao bado wapo hapo? Wazoee watu, kisha watu waondoke, kila mwezi? Waandikieni muulize kibali chao, nani atabaki na wanenu mkiwa kazini, na nani huachwa peke yake na watoto wao. Kisha tazameni wao wanawauliza nini. Mwenyeji makini atadai cheti cha tabia njema kutoka polisi. Asiyedai chochote zaidi ya tarehe ya malipo hawalindi watoto wake, na wako hatawalinda.

Wewe mwenyewe usiahidi kutibu. Leseni yako ya uuguzi ni ya Tanzania. Kule, bila ruhusa ya baraza lao, hata sindano moja inaweza kukuletea kesi. Na uliza ubalozi, kwa maandishi, kama kujitolea kunahitaji kibali. Bila mshahara haina maana bila sheria. Mume wako ndiye mwenye karata nzuri: shule yenye madawati mabovu itampokea kwa mikono miwili, na yule wa miaka 14 ashike msasa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuna umuganda, nchi nzima hutoka asubuhi kufanya kazi za mtaa, na wageni wanakaribishwa. Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu 2017, hamtakwama.

Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, hata kama wana pasipoti. Chanjo ya homa ya manjano msiiache hadi wiki ya safari: kadi huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, na ikishaanza ni ya maisha.