Usifike Cucuron siku ya Jumatatu

Nilifika Cucuron, kijiji cha Ufaransa, Jumatatu moja ya mwezi wa tano, saa nane mchana, nikiwa na begi mgongoni na pakiti ya biskuti iliyobaki vipande vinne. Duka la mkate limefungwa. Duka la vyakula limefungwa. Madirisha ya mbao yamefungwa mtaa mzima, na kiumbe pekee niliyekutana naye alikuwa paka amelala juu ya ukuta. Nikadhani kuna msiba.

Kumbe ni Jumatatu tu. Vijiji vya kusini mwa Ufaransa vina ratiba yake, na mgeni asiyeijua hulala njaa. Mimi nililala na biskuti mbili, mbili nikazitunza za asubuhi.

Cucuron iko kwenye mteremko wa kusini wa milima ya Luberon, mkoa wa Vaucluse. Mimi nasoma Marseille, kwa hiyo nilipitia Aix-en-Provence, kisha Pertuis, yote kwa basi. Ukitokea Paris, treni ya mwendo kasi inakufikisha Aix kwa saa tatu hivi, ila stesheni yenyewe iko nje ya mji, kama stesheni ya treni ya Miritini ilivyo mbali na Mombasa mjini. Kuanzia hapo mabasi ya kuelekea vijijini ni machache, na Jumapili ni machache zaidi. Ukisoma ratiba, angalia maelezo madogo ya chini: kuna basi linalopita siku za shule tu. Mimi nililisubiri basi la namna hiyo wakati wa likizo, saa nzima, nikimlaumu dereva ambaye pengine alikuwa nyumbani kwake anakula.

Kula ndiko kunakowaponza wageni wengi. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane, basi. Ukiingia mkahawani saa nane na nusu utapata kahawa na pole. Maduka nayo hufungwa mchana, mengine hadi saa tisa au saa kumi. Duka la mkate lina siku yake ya kupumzika, na mara nyingi imeandikwa mlangoni, kwa hiyo isome siku unayofika, si siku unayohitaji mkate. Ukikaa mezani omba "carafe d'eau": ni maji ya bomba, ni ya bure kwa mujibu wa sheria, na hakuna atakayekuona bahili.

Njoo Jumatatu ukitaka, lakini njoo na chakula. Maana Jumanne asubuhi ndiyo siku ya gulio, na hapo utadhani umeshushwa kijiji kingine. Linapangwa kuzunguka bwawa la mstatili lililojengewa kwa mawe, chini ya miti ya platani mirefu kuliko nyumba. Mwezi wa tano ukielekea mwisho kuna cheri za mashamba ya jirani, kuna jibini ya mbuzi ya kila umri, kuna zeituni kwenye ndoo. Utaonjeshwa bila kuomba. Kupatana bei hakuna. Nilijaribu kwenye cheri, yule mzee akanitazama kama niliyemtukania mama yake.

Sasa salamu. Jumanne ile, njaa inaniuma, niliingia duka la mkate na kusema kwa Kifaransa changu safi kabisa kwamba naomba baguette mbili. Mama muuzaji akanitazama. "Bonjour," akasema, polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nikadhani hakunisikia, nikarudia: baguette mbili. "Bonjour, mademoiselle." Ndipo nikaelewa. Mimi mtoto wa Muheza, niliyelelewa nisikatize mbele ya mtu mzima bila shikamoo, nimefundishwa adabu Ulaya!

Marseille nilishazoea kukimbia na kununua. Kijijini "bonjour" ni hodi. Unapiga hodi dukani, kwa watu walioketi kwenye benchi, hata kwa usiyemjua mnayepishana naye kichochoroni, na ukitoka unaaga. Usipopiga hodi umevamia. Watu watakuangalia, hasa ukiwa mweusi peke yako mtaani, sitakudanganya. Lakini niligundua kwamba ukitangulia wewe kusalimu, macho hulainika. Wazee waliokuwa wakicheza pétanque, ule mchezo wa kurusha tufe za chuma, waliniuliza natoka wapi. Tanzania. "Kilimandjaro!" wakajibu kwa pamoja, kisha nikapewa tufe. Nilirusha vibaya sana.

Ukiweza, lenga Jumamosi inayofuata tarehe 21 Mei. Wanakijiji hukata mti wa mpopla mrefu kuliko kanisa, wakaubeba mabegani kupita vichochoroni hadi kuusimamisha mbele ya kanisa. Ni shukrani kwa Mtakatifu Tulle, kwa kukoma kwa tauni ya 1720. Tauni hiyo iliingia kwa meli bandarini Marseille, mji ninaokaa, nami nilihitaji kuja huku milimani ndipo nikaijali.

Kwa matembezi, nenda Lourmarin kwa miguu ukipitia Vaugines, ni kilomita nane hivi kati ya mizabibu na mizeituni. Mwandishi Albert Camus alinunua nyumba hapo 1958, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fasihi, na tangu 1960 amezikwa kwenye makaburi ya kijiji, chini ya jiwe dogo la kawaida. Lourmarin ni pazuri ila pamejaa watalii, na bei zake zinajua hivyo. Kiangazi, kabla ya kuingia msituni uliza kwanza: siku za upepo na ukame njia hufungwa kwa hofu ya moto.

Jambo moja kuhusu usingizi. Nyenze hunyamaza usiku, kengele hainyamazi. Katika vijiji vingi vya kusini kengele hupiga saa, kisha baada ya dakika moja au mbili hurudia. Kijiji kimoja nilicholala niliambiwa ni kwa ajili ya aliyekuwa shambani akakosea kuhesabu. Mimi nilihesabu kumi, nikatoa sita nipate saa nne yetu, kabla sijatulia ikaanza upya.

Wanaoniuliza viza: ukialikwa na mtu, mwenyeji wako ndiye anayekwenda ofisi ya meya kuomba "attestation d'accueil", hati ya kuthibitisha kwamba atakupokea kwake, kwa ada. Aanze mapema, kwani ofisi za vijijini nazo zina siku zake.

Mwaka huu nilirudi, tena Jumatatu, kwa makusudi. Mkate nilinunua Aix, na jibini, na nyanya. Nikakaa kando ya bwawa, sauti pekee ni majani ya platani. Paka akaja kunusa jibini. Nikamwambia bonjour kwanza.