Mwanangu, kwanza nani kashika mizani?

Mwanangu Mwanaidi,

Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Unataka kuacha kazi ya benki ufungue jiko la keki, na kwa kuwa nimefundisha falsafa ya maadili mpaka nikastaafu, unaniuliza: je, ni sawa mtu kuifanya raha yake kuwa kigezo cha mwisho?

Tutafika huko. Kwanza tuone raha inapimwaje, maana wengi wanaosema wanafuata furaha yao hawajapima kitu.

Anza na Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Watu wamempa jina la ulafi, na wamemwonea. Yapata mwaka 306 kabla ya Kristo alinunua bustani Athens, akaishi humo na rafiki zake, wanawake na watumwa wakiwemo, kwa mlo wa kawaida kabisa. Aliwahi kumwandikia rafiki amletee chungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka karamu awe nayo. Kwake yeye, kilele cha raha ni mwili kutoumwa na moyo kutosumbuka. Ukishafika hapo, vinavyoongezwa hubadilisha ladha tu. Matamanio aliyagawa mafungu matatu: ya asili na ya lazima, kama kula, ya asili yasiyo ya lazima, kama kula vinono, na yasiyo ya asili wala ya lazima, kama mataji na sanamu za heshima. Kila tamaa aliiuliza maswali mawili: nikiipata itanitokea nini, na nikiikosa itanitokea nini? Wengi huishia la kwanza.

Basi chukua mshahara wako uugawe hivyo hivyo. Kodi, chakula na dawa huku. Gari na yale mazulia kule. Keki zenyewe, kwa wateja wako, ni fungu la pili. Sikutukani, ila ujue kwamba mwezi ukikaza watakata keki kabla ya kukata unga wa sembe.

Halafu njoo kwa Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza aliyetoa kitabu chake mwaka 1789. Huyu alitaka hesabu. Raha au maumivu yoyote huyapima kwa mambo saba: ukali wake, muda wake, uhakika wake, ukaribu wake, kama itazaa raha nyingine, kama haina maumivu yatakayoifuata, na imewagusa watu wangapi. Utaratibu una hatua. Unaanza na mtu mmoja, yule anayeguswa moja kwa moja kuliko wote. Unaandika raha ya kwanza atakayopata, kisha maumivu ya kwanza, kisha raha zitakazozaliwa baadaye, kisha maumivu yatakayozaliwa baadaye. Unajumlisha pande mbili. Ndipo unarudia kwa kila mmoja wa wengine na kujumlisha wote. Mwenyewe alikiri kwamba hakuna atakayefanya haya yote kila anapotaka kuamua. Alitaka tu tuyaweke mbele ya macho.

Hapo ndipo pananichoma, kwa sababu ndivyo lilivyouzwa shamba letu la urithi la Pangani, alikokuwa akiishi Bibi yako.

Ulikuwa mdogo. Baba'ko mkubwa alitukusanya sebuleni na daftari, akaandika kila mrithi na haja yake: huyu ada, yule mabati, mwingine deni la duka. Kila mtu akawa na sababu ya kufurahi. Bibi yako alipofikiwa akasema, "Haya wanangu, mradi mridhike." Ikaandikwa kuwa na yeye karidhika. Thumni yake alipewa taslimu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akahamia kwetu Tanga mjini. Alikuwa akienda sokoni anashika nazi, anaitikisa sikioni, anairudisha, anashika nyingine, anairudisha, mwisho anarudi nyumbani bila nazi. Mama yako akaamua awe ananunua yeye.

Lakini nisimwonee Bentham. Hatua yake ya kwanza inasema aanze anayeguswa kuliko wote, na huyo alikuwa Bibi. Maumivu yake yangeandikwa kwa ukali wake na kwa muda wake, yaani mpaka alipofariki. Baba'ko mkubwa alianzia mwisho, kwenye idadi ya vichwa. Kwa hiyo kosa ni la hesabu au la mhesabu? Zamani nilikuwa nikisema la mhesabu. Kisha nakumbuka kwamba ada yako ya kidato cha tano ilitoka humo humo, na raha iliyozaa raha nyingine ni jambo la tano katika yale saba, basi huenda hata hesabu safi ingeliuza shamba. Sipendi jibu hilo. Nikirudi nyuma naona kwamba kabla ya kuuliza raha ni kiasi gani, uliza nani kashika mizani.

John Stuart Mill, mwanafalsafa mwingine Mwingereza, aliliona tundu hili, mwaka 1861. Alisema raha zinapishana ubora, si wingi tu, na ukitaka kujua ipi bora uwaulize walioonja zote mbili. Pale sebuleni aliyekuwa ameishi shamba na mjini, miaka na miaka kote kuwili, alikuwa Bibi peke yake. Wengine tulilijua shamba la likizo. Kwa kanuni ya Mill yeye ndiye alikuwa hakimu, naye hakuulizwa, aliarifiwa.

Sasa Mill naye ana lake. Baba yake alimwanzisha Kigiriki akiwa na miaka 3. Katika mahakama ya mtu kama huyo, lazima ushairi uzishinde raha za kawaida. Hata hivyo namheshimu kwa jambo moja. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza: mageuzi yote niyapiganiayo yakitimia sasa hivi, nitafurahi? Moyo ukamjibu hapana, akazama katika huzuni ya miezi. Alipotoka humo alikuwa bado anaamini furaha ndiyo mwisho wa yote, ila haifikiwi kwa kuilenga. Hupatikana na aliyekazia macho kitu kingine, kazi au watu.

Kwako hili lina maana. Keki umezioka Jumamosi, kwa hiari, kwa watu wanaokupenda. Hujazioka saa kumi alfajiri ukiwa na oda za harusi mbili, umeme umekatika, na krimu inalainika kabla ya gari kufika. Benki unaijua ya kila siku, keki unazijua za mapumziko. Hujawa hakimu bado. Una likizo ya siku 28: oka kwa oda kila siku, za kulipwa, na kila jioni ujaze safu saba za Bentham, upande wa raha na upande wa maumivu. Jaza mwenyewe, siyo shogayo, siyo mimi. Nani kashika mizani, mwanangu, ndilo swali.

Najua swali lako la kama ni sawa sijalijibu. Jibu ninalo, linanikereketa kooni, na mama yako kanikataza kuliandika kwa sababu anasema ukishalisoma utaacha kupima. Pengine ana haki. Pengine hana, mtu mzima anaweza kusikia rai ya baba yake na bado akahesabu. Basi, nimeliacha.

Ila likizo usiichukue karibu na Idi. Oda za Idi zitakudanganya kwamba kila wiki ni vile.

Ni mimi baba yako