Maswali yenu: likizo ya boti ya tanga Ugiriki

Agosti nataka kumpeleka mke wangu Ugiriki, tukodi boti ya tanga pamoja na nahodha wake. Kila mtu ananitajia Mykonos na Santorini. Wewe wasemaje? (Nairobi)

Kwa safari ya kwanza, kaka, nendeni upande wa magharibi kwenye visiwa vya Ionia: Lefkada, Ithaca, Kefalonia, Paxos. Sababu yangu ni upepo. Mykonos na Santorini zimo katika visiwa vya Cyclades, na huko Julai na Agosti ndio msimu wa meltemi. Huo ni upepo wa kaskazini unaoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya mbingu isiyo na wingu, na ukikasirika hufika nguvu ya 7 au 8 kwa kipimo cha upepo cha Beaufort (0 hadi 12). Mgeni anayeangalia mbingu tu hadhani kuna hatari. Nimeona watu wakimaliza nusu ya likizo yao wamefungwa gatini, na pesa ya boti imeshalipwa.

Ionia asubuhi bahari ni shwari. Mchana, kwenye saa saba au saa nane, huanza upepo wa maistro kutoka kaskazini-magharibi, hukaza hadi nguvu ya 4 au 5, na jua likizama nao hutulia. Basi asubuhi mnaogelea, mchana mnatweka tanga, saa kumi mko bandarini. Msichelewe, maana Agosti bandari ndogo kama Fiskardo hujaa mapema. Kama ruhusa ya kazini inaruhusu, sogezeni safari hadi Septemba: maji bado yana joto na watu wamepungua.

Nimekulia kwenye mashua Lamu. Naweza kukodi boti huko bila nahodha? (Mombasa)

Ujuzi unao, lakini watakuomba karatasi. Ugiriki nahodha lazima awe na cheti kinachotambulika, na awepo mtu wa pili mwenye uzoefu wa tanga. Bila cheti, kodi boti pamoja na nahodha, umtazame anavyofanya.

Mtazame hasa akifunga boti. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo gati na boti haviwezi kuzoeana. Mediterania tofauti hiyo ni ndogo mno, ndiyo maana wao huangusha nanga ya omo, yaani ya mbele, mbali kidogo, wakarudi kinyumenyume, kisha wakafunga tezi, yaani nyuma ya boti, gatini kwa kamba mbili. Boti hukaa ubavu kwa ubavu kama samaki kwenye kikapu, na minyororo hupishana chini. Asubuhi moja Kioni, kule Ithaca, kijana wa boti ya jirani alivuta nanga yake ikapanda na mnyororo wa mtu mwingine. Hakupiga kelele. Alipitisha kamba chini ya ule mnyororo, akaifunga omo, akashusha nanga yake kidogo mpaka ikachomoka, kisha akaachia kamba. Dakika tano, basi. Jifunze hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Viza je? (Dodoma)

Ni ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Unaweza kuomba miezi 6 kabla, na usivuke siku 15 kabla ya safari. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ambatisha mkataba wa boti wenye tarehe na bandari, kwa kuwa ndiyo malazi yako.

Sisi ni Waislamu, tutakula nini? (Muscat)

Dada, tahadhari na souvlaki (mishikaki yao) na gyros (nyama ya kuchoma ya kukatwa vipande): Ugiriki mara nyingi ni nguruwe, na neno lake ni "hirino". Nyama iliyochinjwa kwa sharti letu visiwani msiitegemee. Lakini pweza wa makaa, samaki, na maharage makubwa yaliyookwa kwa nyanya, "gigantes", mtakula hadi mchoke. Mwulize mpishi kama samaki hajapikwa kwa mvinyo.

Mama yangu hajui kuogelea. Aje? (Tanga)

Aje. Mvalishe jaketi la kujiokolea mkiwa bado gatini, kaza mikanda mwenyewe, kisha livute juu mabegani. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, omba jingine. Boti ikiwa inatembea akae kwenye kiti cha tezi, na asiende omo bila mtu wa kumshika mkono.