Nyanya Hakutoka Malindi

Usiku wa sensa, tarehe 24 Agosti 2019, karani alitufikia baada ya Isha. Kijana mpole, shati limemrowa jasho, maana ngazi za nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa hazimwonei mgeni huruma. Nikamtilia kahawa. Akauliza maswali yake: nyumba ya nani, maji mwapata wapi, nani na nani wamelala hapa usiku huu. Mwanangu wa pili alikuwapo, ameshuka na treni kutoka Nairobi kuja kunitazama. Tulipofika kwenye kabila nikajibu bila kuwaza, "Waswahili. Wa Mvita," na karani akagusa tableti yake.

Mwanangu akacheka puani. "Na nyanya mkubwa je?"

"Nyanya mkubwa alitoka Malindi."

"Malindi mtaa gani, mama? Watu wa nani?"

Karani akatutazama, akaona hayo si ya serikali, akaendelea na lake. Alipoondoka nilimgeukia mwanangu kwa maneno ambayo sipendi kuyarudia hapa. La mwisho lilikuwa kwamba Nairobi imemfunza kuwahoji watu wazima. Kesho yake akaenda zake Miritini kupanda treni bila kula chakula cha mchana, na nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kwa miezi miwili simu zetu zikawa "shikamoo, marahaba, mko salama, tu salama", basi.

Alikuwa amegusa penyewe. Nyanya hakutoka Malindi. Nyanya mzaa mamangu alikuwa Mgiriama wa upande wa Kaloleni, kule Kilifi, na mimi nilijua tangu nina miaka kumi na miwili. Siku ya matanga yake walikuja wanawake watano, wameteremka basi Mwembe Tayari wakaja kwa miguu mpaka kwetu. Waliketi karibu na mlango, na mmoja akawa anamlilia kwa jina nisilolijua. Mamangu akatwambia ni wateja wa babu. Arubaini ilipokwisha kasha la nyanya likafunguliwa, na chini ya leso zilizokunjwa na asumini iliyokauka palikuwa na hando, ile sketi ya matabaka wanayovaa wanawake wa Kigiriama. Mamangu akafunika kasha. Sikuuliza. Watoto wa zamani hatukuuliza, na leo twajisifu kwalo kana kwamba ilikuwa adabu tupu. Nusu yake ilikuwa woga.

Naandika kwa sababu wazazi wa rika langu hunilalamikia kila siku kwamba watoto waliokwenda bara hawawasikizi tena, wamepoteza asili, hawajui wao ni nani. Huenda. Lakini mimi mwanangu aliniuliza yeye ni nani, mbele ya karani wa serikali, nikamdanganya.

Kwa asiyezaliwa hapa: Waswahili wa Mombasa hujihesabu kwa Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, Tisa Taifa upande huu na Thelatha Taifa upande ule. Nilimfunza mwanangu majina yote hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nisilomfunza ni kwamba mataifa hayo hayakuwahi kuishi peke yao. Wakilindini, Wachangamwe na Watangana walikuwa na mafungamano na Wadigo na Waduruma. Wajomvu walikuwa nayo na Warabai. Waliuziana, walisaidiana vitani, walipokeana wakati wa njaa, walioana. Kisha wajukuu wao wakakaa barazani wakawaita jamaa zao Wanyika. Wenyewe walilikataa jina hilo, wakajiita Mijikenda kuanzia miaka ya 1940, na Wagiriama wa nyanya ni miongoni mwao, lakini mitaani kwetu mimi nimelisikia la zamani mpaka nimekuwa mtu mzima, na mara nyingi lilisikika siku ya posa. Wazazi wa hapa wanajua nasema nini.

Nilichofanya kwanza baada ya ile miezi miwili sikumpigia mwanangu. Nilikwenda Kisauni kwa mamangu mdogo, ambaye amepita themanini, na ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa nyanya. Kama una mzee kama huyo, nenda kwake kabla hujaketi na mwanao, tena nenda ukiwa na muda. Mimi nilimkuta anachambua mchele, nikaketi nikachambua naye. Sinia la kwanza likaisha tukizungumzia bei ya nazi. Kwenye la pili ndipo nikauliza.

Hakustuka. Akasema babake nyanya alikuwa akileta mbata mjini, na mnunuzi wake alikuwa babake babu. Nyanya alizaliwa karibu na miaka ya Mekatilili, ambaye mwaka 1913 aliwaapisha Wagiriama wasikubali kazi na kodi za Waingereza, na mwaka uliofuata Waingereza wakailipua Kaya Fungo, kijiji chao kitakatifu, kwa baruti. Mwaka wake wenyewe nyanya hakuujua. Alisema tu, "Nimezaliwa kaya ilipovunjwa." Aliolewa huku akiwa msichana, akasilimu, akapewa jina jipya, na jina hilo alilipenda.

"Na Malindi?" nikauliza. "Ni nani aliyesema tuseme Malindi?"

"Mwenyewe."

Ilikuwa harusini. Nyanya alikuwa mgeni wa mwaka mmoja hapa mjini, akaomba kitu jikoni, na ulimi ukateleza ukarudi Kaloleni. Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza huyu katoka wapi. Nyanya akajibu Malindi, kwa sababu ni mji, na kwa sababu alijua watu wa Malindi husamehewa matamshi yao. Toka siku hiyo akawa wa Malindi mpaka kaburini, na watoto wake na wajukuu wake wakawa wa Malindi pamoja naye.

Nilitoka Kisauni nikavuka Daraja la Nyali nikiwa sisikii hata utingo anadai nauli. Maana mimi najijua. Mwanangu akipiga simu akisema "niko njiani", mimi humkatiza: "Ndiani! Umezaliwa hatua mbili na Ndia Kuu, njiani ni nini?" Akisema neno la Sheng nitampa darasa mpaka asahau alichopigia. Niliona ni kumhifadhia Kimvita chake, Kiswahili chetu cha Mombasa. Kumbe kila nikimsahihisha, simu inakuwa fupi kidogo. Dadake ndiye aliyeniambia siku moja, si kwa ubaya: "Mama, yeye hukuandikia ujumbe kwanza kwenye karatasi." Yaani mwanangu mwenyewe alikuwa anajitengenezea Malindi yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama huna nafasi ya kusoma mengine shika huu: mtoto mzima anapozungumza nawe jambo la moyoni, mwache lugha yake. Kimvita utamfunza siku nyingine, mkila muhogo na pilipili. Sasa sikiza anachosema.

La pili ni kumtafuta wewe. Wazazi wa Pwani tuna ugonjwa wa kungoja kuombwa radhi. Nilimpigia nikamwambia, "Baba, ulikuwa na haki usiku ule. Nyanya ni wa Kaloleni. Njoo Disemba twende." Kimya kikawa kirefu nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Mama, darasa la saba nilipata alama zote kwenye swali la Mekatilili. Ukanipikia biriani."

Nilikuwa nimesahau biriani hiyo. Yeye hakusahau.

Tulikwenda Disemba kwa matatu, tukakata kona Mazeras, tukapita Rabai, pale mmishonari Krapf alipoanzisha kituo chake mwaka 1846. Nawashauri mzungumze safarini. Mkiwa mmekaa bega kwa bega hamtazamani, na jambo zito linatoka vizuri likisemwa huku mtu anaangalia minazi. Nyumbani mimi ni mama, nimeketi kwenye kiti changu, yeye yuko kwenye mkeka hata akiwa na miaka ishirini na tisa. Ndani ya matatu sote tulikuwa abiria, na kuku wa mwanamke wa nyuma alikuwa akitudonoa sote.

Huko ndani tuligombana tena, na hili nalisema ili msidhani niliposema kweli mambo yakalainika. Mwanangu alitaka aandike habari yote kwenye kundi la familia la WhatsApp, ukoo mzima mpaka kule ughaibuni, na jina la kwanza la nyanya, lile la Kigiriama. Nikamwambia hapana. Akasema mama waona haya. Nikamwambia haya ninayo, sikatai, lakini si hiyo inayonizuia. Nyanya alisilimu kwa hiari yake, akachagua jina, akaswali nalo, akazikwa nalo. Tukimrudishia jina aliloliacha bila idhini yake tutakuwa tumefanya kama wale wanawake wa jikoni, wa kumwambia yeye ni nani. Akasema jina aliliacha kwa kuchekwa, kwa hiyo hiari ipo wapi? Nikasema dini si kuchekwa. Akasema Malindi je? Hapo nikakosa jibu, na sijalipata bado. Tulikubaliana kwamba jamaa wajue ametoka Kaloleni, na jina libaki kwetu sisi wawili na mamangu mdogo. Yeye haridhiki. Mimi pia si sana. Kwa maoni yangu mzazi na mtoto wake mzima wanaweza kubaki na jambo lisilokwisha kati yao na wakala sahani moja, mradi kila mmoja ajue mwenziwe anasimama wapi.

Kaloleni kwenyewe sitasimulia sana, si kwangu peke yangu kusimulia. Tulimkuta mzee mmoja, mjukuu wa ndugu ya nyanya. Hakutulaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama. Akamwita nyanya "hawe", ndiyo nyanya kwao. Akauliza mbona hatukuja zamani, nikaanza kutunga sababu, mwanangu akanitangulia akasema, "Tulikuwa tunasema ametoka Malindi." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Wao nao, kumbe, walikuwa wanasema ameolewa na Mwarabu.

Tukawekewa wari, ndio ugali, na mchunga, mboga chungu ya kienyeji. Nikala, nikasifu, nikaomba mbegu. Niliwapelekea leso pea mbili za Biashara Street, nimechagua jina la leso kwa kuhangaika nusu saa dukani, maana ukienda kwa watu na leso maandishi yake yanakutangulia kusema.

Mbegu nilizipanda juu ya dari, kwenye ndoo za rangi zilizokwisha, na kwa rehema za Mungu zikaota. Juzi nikapiga picha nikamtumia mwanangu: "Mchunga wetu wa Kaloleni umeshika." Siku hizi anajifunza Kigiriama kwa jirani yake wa Nairobi, mtu wa Ganze. Jibu likaja hapo hapo.

"Ni mutsunga, mama. Mu-tsu-nga."

Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika jengine, nikalifuta. Mahamri yalikuwa yanaungua, nikaenda kuyageuza.