Unataka ujaji wa Rufani? Hesabu kurasa kwanza

Kila vijana wa sheria wakihitimu, huku Tabora lazima atokee mmoja aniulize, kaka nifanyeje nije kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani? Mi sio jaji. Nilikuwa karani wa mahakama miaka tisa kabla sijasoma sheria nikawa wakili, ila wazee wale nimewabebea majalada sana kwa hiyo nina la kusema.

Njia ya kwenye makaratasi mnaijua. Digrii, Shule ya Sheria kwa Vitendo, halafu uhakimu, uwakili au sheria serikalini, na sifa hizo uwe nazo miaka isiyopungua 10 ndo ufikiriwe ujaji wa Mahakama Kuu. Rais ndo anateua. Wachache wanapanda Rufani, huko wanastaafu na miaka 65, wakati Mahakama Kuu ni 60. Na sio wote wanapita mlango mmoja, Augustino Ramadhani alikuwa mwanajeshi mpaka Brigedia na akaja kuwa Jaji Mkuu 2007 hadi 2010. Sa wewe wa mwaka wa pili unaniambia utakuwa Rufani ukiwa na 40, haya bana.

Ila hamuulizi kazi yenyewe ikoje. Mnadhani jaji wa Rufani anakaa kusikiliza mashahidi wakilia, wapi, kwa kawaida wanakaa watatu na mbele yao ni jalada tu, wanatafuta mahakama ya chini iliteleza wapi. Yaani ni kusoma, kusoma, kusoma.

Hilo nilifundishwa kwa aibu. Enzi hizo kesi za Kigoma zilikuwa zinakuja Tabora, Rufani wakija kwa kikao ndo tunakimbizana na fotokopi. Nikaandaa kumbukumbu za rufaa ya jamaa mmoja wa kifungo cha miaka 30, nikachoka, sikuhesabu kurasa. Siku ya kesi jaji wa katikati, mzee mpole kweli, analamba kidole anafunua, anarudi nyuma, anafunua tena, kimya. Akauliza, "Ukurasa wa 47 uko wapi?" Hapo ndo shahidi wa tatu alikuwa anahojiwa na utetezi. Haupo. Rufaa ikasogezwa mpaka kikao kingine, jamaa akarudishwa gerezani, na mama yake alikuwa amekuja na treni toka Kigoma usiku kucha, nilimkuta nje chini ya mwembe na kikapu chake cha dagaa ananiuliza, mwanangu, wamesemaje? Nilishindwa kumwambia ni mimi.

Kwa hiyo ukipangiwa Mahakama ya Mwanzo huko Sikonge usinune, andika mwenendo wa kesi, yaani yote yanayosemwa mahakamani, ukijua ipo siku wazee watatu wataufunua. Na kila wiki chukua hukumu moja ya Rufani TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, soma mpaka kabla ya uamuzi halafu funga simu uandike wa kwako. Mkitofautiana na majaji usikimbilie kusema wamekosea, rudi utafute walichoona wewe hukukiona. Miezi sita tu utashangaa.

Wanaokuja kwangu field huwa nawapa jalada nimechomoa ukurasa mmoja makusudi, sisemi kitu. Mwaka huu kagundua mmoja tu, binti wa Kaliua, na hajawahi kuniuliza habari za ujaji hata siku moja.